Mkono Uliokata Bango

Duka la vifaa lilikuwa limefurika hadi watu wakaagiza juu ya vichwa vya wenzao. Katikati ya msukumano huo mikono miwili iliinuka pamoja, yote ikiomba nyembe za msumeno wa nakshi, zile nyembamba kama uzi. Muuzaji akasema imebaki pakiti moja tu, wakapatane wenyewe, akawageukia wapaka rangi waliokuwa wakimngoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa seremala, mwanamume mrefu mwenye shati la buluu lililopauka kwa kufuliwa na penseli nyuma ya sikio. Wa pili ulikuwa wa binti aliyevaa gauni la njano lililopigwa pasi vizuri, na kitambaa cha kichwa kilicholingana nalo. Angependeza kabisa, ila nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la plastiki na mwenyewe hakuwa na habari.

"Chukua wewe, Bibi Vumbi," seremala akasema. "Mimi mbao zangu zinasubiri. Wewe unakata nini?"

"Sikati kitu. Nimetumwa na mjomba, anakata akriliki, plastiki ile ngumu ya mabango."

"Na vumbi lake linarukia nyusi zako."

Binti akajifuta haraka, akacheka bila kutaka. Waligawana pakiti nusu kwa nusu, na kabla hawajafika mlangoni seremala alikwishapata namba ya simu. Alisema ni kwa ajili ya kuulizana bei za nyembe. Mtu mzima na akili zake, uongo wake ndio huo.

Binti aliishi na kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Mji mzima ulimwita Mzee Herufi. Mabango ya maduka, zahanati na shule, yale yenye herufi za kung'aa, yalitoka kwake, na watu walikuja kutoka mbali kuulizia mkono wake. Walichokuwa hawajui ni kwamba mkono huo ulianza kutetemeka miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakuna herufi hata moja aliyoikata yeye. Alikata mpwa wake, kwenye chumba cha nyuma ya duka lao, mlango umefungwa kwa komeo. Mjomba alimwomba amfichie siri, machozi yakimlengalenga, naye akaapa.

Kiapo kile ndicho kilichomfunga. Mteja akigonga, binti alizima msumeno, akajipangusa, akatoka kuandika oda kama karani. Mjomba naye alibaki nyuma, akauwasha ukaunguruma mtupu ili mteja asikie kwamba fundi yuko kazini. Hakukuwa na siku ya kutoka wala saa ya kuzurura. Wenzake waliolewa, wakahama, wakazaa, naye alikuwa pale pale na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Kuna siku alitamani kupiga kelele, lakini mjomba angeuliza kuna nini, na angemjibu nini?

Simu za seremala zilikuwa hewa yake. Alipiga saa ya chakula, akamtania, akamwita mpenzi kabla hajapewa ruhusa, akaulizia vumbi limeamkaje. Siku moja alikuja dukani mwenyewe, eti kuangalia sampuli za rangi. Walipokuwa wakizungumza, msumeno ulikuwa ukiunguruma nyuma.

"Mjomba wako anakata hewa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Wembe ukiwa ndani ya kitu haulii hivyo."

Binti aliinamia daftari la oda. Seremala akamtazama, akatazama vumbi kwenye nywele zake, akaelewa yote bila kuambiwa. Hakuuliza tena, wala hakumwambia mtu, na kwa hilo binti alimpenda zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri.

Mwezi uliofuata seremala alifika rasmi, amevaa suti ya kijivu, amefuatana na baba yake mdogo. Alikuwa anafungua karakana yake mwenyewe. Alimwamkia Mzee Herufi kwa heshima zote, akaleta maneno mawili: anaomba kumuoa binti, na anaomba bango lililokatwa na mkono wa nyumba hii. Akiyasema hayo ya bango alimkonyeza binti. Yeye alimaanisha mkono wa mpenzi wake. Mzee Herufi akadhani umetajwa wa kwake, akafurahi kama mtoto.

"Bango la mkwe nitalikata mimi mwenyewe," alimwambia mpwa wake wageni walipoondoka. Binti alijaribu kumzuia kwa upole, akashindwa. Siku mbili baadaye akatumwa upande wa pili wa mji kupima ukuta wa zahanati, na aliporudi alikuta kazi imekwisha. Bango lilikuwa limefungwa, limekabidhiwa mchukuzi, limekwenda.

"Mkono haujasahau, mwanangu," mjomba akasema. Alikuwa amekaa kitini na kikombe cha chai, uso umechangamka. Binti hakuwa amemwona hivyo kwa miaka mitatu.

Simu ililia wakati huo huo.

"Bango nimelipata," seremala alisema. Sauti haikuwa na utani. "Nimelifungua mbele ya mama yangu na mafundi wenzangu. Kama hutaki nikuoe, ungesema hapana tu. Mdomo unao."

"Lina nini?"

"Unaniuliza mimi? Kingo zote zimeyeyuka zikaganda mabonge. Herufi ya tatu imepasuka. Wewe, ambaye kingo zako mtu anapitisha kidole na hasikii kitu, langu ndilo la kukata hivi?"

Binti alitupa macho kwenye pipa la taka. Karatasi ya kulinda akriliki ilikuwa imebanduliwa yote kabla ya kukata, bila shaka mjomba apate kuona mstari vizuri. Selotepu ya kubandika juu ya mstari, ile inayopunguza joto la wembe, haikuguswa. Kasi ya msumeno ilikuwa imewekwa mwisho kabisa. Plastiki iliyeyuka, ikajifunga nyuma ya wembe, ikaung'ang'ania, mjomba akaung'oa kwa nguvu. Nyembe tatu zilizokatika zilikuwa mezani. Nyuma yake mjomba alikuwa akikoroga chai, anaimba.

Akisema ukweli, anamvua mzee wake nguo. Akinyamaza, anampoteza mtu wake.

"Nilikuwa na haraka," akasema. "Nisamehe."

"Haraka ya kuniondoa." Simu ikakatika.

Wiki tatu zilipita. Binti alikata herufi za zahanati. Aliacha karatasi mahali pake, akabandika selotepu, akapunguza kasi, akauacha wembe ukate wenyewe bila kuusukuma. Kingo zilitoka safi, akazichukia. Mjomba alishangaa mkwe amepotelea wapi. Binti akamjibu kwamba wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo, kisha akageukia ukuta ili alie.

Siku ya ishirini na mbili, mchana, seremala aliingia na bango kwapani. Dukani kulikuwa na wateja wawili wakisubiri oda zao. Binti alimsikia kutoka chumba cha nyuma, akazima msumeno. Mjomba aliisikia sauti ile ile, akatoka mbio kumlaki.

"Shikamoo, Mzee. Nimelirudisha. Nimeona si vizuri nikae nalo. Mwambie binti yako jibu lake nimelipata."

"Jibu gani? Lina kasoro?"

Mzee Herufi alilivuta. Macho yake yalikwishachoka, lakini vidole vyake vilikuwa vya fundi wa miaka arobaini. Alivipitisha kwenye kingo polepole, herufi kwa herufi. Kwenye ya tatu akasimama.

"Yeye alikwambiaje?"

"Kwamba alikuwa na haraka."

Nyuma, kidole cha binti kilikuwa kwenye swichi. Angewasha msumeno, kelele ingefunika kila kitu. Hakuwasha.

"Hili nimelikata mimi," mjomba alisema, na wateja wakageuka. Akanyoosha mikono yake mbele yao wote, ikatetemeka. "Mengine yote mnayoyaona mjini kwa miaka mitatu, kakata yeye. Nilimfungia humo ndani ili niendelee kuitwa fundi. Na juu ya hayo akabeba na aibu yangu."

Binti alitoka. Alimshika mjomba mkono, akamkalisha, akampa maji. Hapo ndipo alipomtazama seremala.

"Mpenzi," seremala alianza, "nilikosea. Naomba tena, mbele ya hawa. Nioe."

"Utaolewa wewe?" mteja mmoja akauliza, na duka zima likacheka, hata mjomba.

Binti hakucheka. "Nimetoka chumbani sasa hivi," akasema. "Usinipeleke kingine kabla sijavuta pumzi. Tutembee. Tukifika mwisho wa barabara, uniulize. Kabla ya hapo, usiseme neno."

Wakatembea juani, saa saba ya mchana, yeye na aproni yake na vumbi lake, watu wakimtazama. Seremala, msemaji yule, alifunga mdomo barabara nzima. Mwisho wa barabara akaufungua.

"Ndiyo," binti akamuwahi. "Lakini kazi siachi, na mjomba simwachi. Nitakwenda kwake asubuhi kwa miguu yangu mwenyewe. Na jioni ninatoka."