Sauti ya Merle Haugen

Maiti ilikuwa imeketi ndani ya friji kubwa la nyama ya kulungu kwenye kibanda cha mawindo, magoti yamegusa kidevu, kope zimeota barafu. Mwenye kibanda alikuja asubuhi kujiandaa na msimu wa mawindo, akafungua kifuniko, akakimbia bila kofia.

Inspekta Carla Voight hakuhitaji kuuliza jina. Uso ule ulikuwa kwenye mabango ya kila njia panda hapa Wiskonsin kaskazini. Merle Haugen, mgombea useneta wa jimbo. Zilibaki siku nne kabla ya kura.

Nyuma yake simu ya Sajenti Dewey Lund ililia. Akaipokea. Rangi ikamtoka.

"Nani?"

Lund akaongeza sauti ya simu ili naye asikie.

"...Mimi Merle Haugen. Nakupigia mwenyewe, jirani. Dola ishirini tu, leo hii, nami nitaendelea kusimama kwa ajili yako."

Wote wawili wakaligeukia friji. Ukungu ulikuwa umeimeza misonobari nje, na ndani ilisikika barafu tu ikidondoka.

"Afande," Lund alinong'ona, "wiki iliyopita nilimpa hizo ishirini."

"Nyamaza, Dewey. Pekua mifuko."

Kwenye koti ilipatikana bahasha yenye stempu, haijatumwa. Ndani mlikuwa na noti mbili za dola ishirini na barua ya mkono, ya tarehe tisa Oktoba, wiki tatu zilizopita. *Mama Opal, umeniandikia kuwa hizi ni za mafuta ya kupasha nyumba joto. Nakurudishia. Nitawarudishia wote, kisha najitoa.*

Saa nane mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Fuvu limepasuka kisogoni. Barafu inavuruga mahesabu, alisema, lakini si chini ya wiki mbili.

Gazeti la jana lilikuwa na maneno ya Haugen ukurasa wa kwanza.

Meneja wa kampeni, Thad Kessling, alikuwa peke yake ofisini. Viti vyote vitupu. Mashine zilikuwa zikiwapigia wapiga kura simu zenyewe, moja baada ya nyingine, na sauti ileile ikinong'ona kila pembe. Sanamu ya kadibodi ya Haugen ilisimama mlangoni ikitabasamu.

"Umemwona lini bosi wako?" Voight aliuliza.

"Juzi. Tulikunywa kahawa."

"Alilalamikia baridi?"

"Baridi? Hapana."

"Yuko wapi sasa?"

"Anapumzika."

"Hilo kweli. Kibanda cha mawindo cha mjomba wako. Amekunja magoti."

Akaiweka nakala ya barua mezani. Kessling aliisoma mara mbili, kisha akaketi polepole, kama mzee.

"Kampeni kumi na moja, Inspekta. Zote nimeangushwa. Kwenye mazishi ya mama yangu watu waliniita Thad wa Kushindwa. Mara hii tunaongoza! Halafu ananijia na barua ya ajuza mmoja, eti dhamiri inamsuta. Nikamsukuma. Ngazi za nyuma ni za zege."

"Hukuita gari la wagonjwa?"

"Nilishika simu niwaite. Nikakuta ujumbe wa kura ya maoni. Tumepanda pointi mbili." Alifunika uso. "Nilipomwangalia tena, alikuwa ameshakata roho."

"Ukamficha."

"Wiki ya kwanza nilisema koo linamuuma. Tukapanda. Ya pili nikasema amejifungia kutafakari mustakabali wa jimbo. Tukapanda tena! Ile sauti niliiunga kutoka hotuba zake za zamani. Hakukosea neno, hakugombana na mtu. Matajiri waliokuwa hawapokei simu zetu wakaanza kuleta hundi wenyewe. Mmoja aliniambia Merle amekomaa."

Lund alicheka bila kutaka, kisha akajishika mdomo.

"Na watu wake?" Voight aliuliza.

"Mgane, hana mtoto. Alikuwa na sisi tu."

"Kwa hiyo wiki tatu hakuna aliyemtafuta."

"Hakuna." Kessling alinyoosha mikono, Lund akamfunga pingu. "Kila asubuhi nilikaa hapa nikingoja mtu aniulize Merle yuko wapi. Naapa, ningemwambia. Lakini wote walikuwa na swali moja tu: hundi waiandike kwa jina gani."