Mfupa wa Paja, Milimita Thelathini na Tatu

Namba zilifanana mno. Madamu Tanoh, mkunga wa zahanati moja pale Bouaké, alitelezesha kile kifaa cha baridi juu ya tumbo la Amenan, akapima mfupa wa paja la mtoto kwenye kioo, akapata milimita thelathini na tatu. Akafungua daftari la kliniki. Wiki nne zilizopita: thelathini na tatu. Akapima kichwa, akapima mzunguko wa tumbo. Vilevile, bila kuzidi hata milimita moja.

"Moyo unapiga vizuri," alisema, akashusha sauti. "Lakini mtoto huyu hajakua tangu siku ile."

"Labda mashine," alisema N'Goran, mume wa Amenan, aliyekaa pembeni na mikono mapajani.

"Mashine imepima wanawake sita tangu asubuhi, kaka. Kipimo kimoja hakiniambii mengi, pengine mtoto ni mdogo kwa sababu babu yake alikuwa mdogo. Ila vipimo viwili vyenye wiki nne katikati lazima viachane. Siku ile alikuwa na wiki ishirini. Leo mfupa huu ulipaswa kupita arobaini."

N'Goran alikohoa. "Hizo wiki ishirini... Ukizihesabu nyuma, mimi nilikuwa Abidjan nauza vitambaa. Nilirudi wiki mbili baadaye."

Mkunga alimtazama, kisha akacheka kwa huruma. "Kumbe hilo ndilo lililokukondesha mwezi mzima? Wiki tunazihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu mimba ilipoingia. Mimba huja kama wiki mbili baada ya hapo. Uliporudi tu, kaka. Mtoto ni wako, tena wa mapokezi!"

Amenan alicheka. N'Goran hakucheka, maana alikuwa ameshafanya la kufanya.

Niwaambie ukweli kuhusu huyu bwana. Alikuwa fundi hodari wa kufuma, mkarimu, mcheshi, lakini wivu wake haukuwa na likizo. Na aliyemwonea wivu hakuwa mwenye duka wala mwalimu wa shule. Kwetu Wabaule, kila mwanamke ana mume aliyemwacha blolo, kule tulikotoka kabla ya kuzaliwa, na mume huyo akinuna, kizazi hufungwa. Amenan alikaa miaka sita bila mtoto, ndipo akamchongesha mume wake huyo kwa mti, urefu wa mkono mpaka kiwiko, ndevu zimesukwa. Akamweka chumba cha nyuma, akampaka poda, akawa anampelekea mayai na viazi vikuu vya kupondwa. Usiku wa Jumatano ulikuwa wake, Amenan analala kule kule. N'Goran alikubali kama wanaume wengine wanavyokubali, yaani kwa mdomo.

Basi mwezi ule aliposikia "wiki ishirini" alihesabu kwa vidole, akajikuta Abidjan. Ni mwanamume gani mwingine aliyekuwa akilala na mke wake kwa ruhusa yake? Siku ile ile aliingia chumba cha nyuma peke yake, akamwinamia yule wa mti, akasema: "Kama ni wako, mchukue. Mimi simo."

Mdomo uliponza kichwa. Alimweleza Amenan wakiwa njiani kutoka zahanati, naye akasimama katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa.

"Ulisema nini?"

"Ilikuwa hasira, mke wangu."

"Ulimgawa mwanangu kwa hasira? N'Goran! Ukimpa yule kitu, hakirudi bure. Mimi ndiye ninayemjua, si wewe."

Hata hayo maneno, "mimi ndiye ninayemjua", yalimchoma.

Walikwenda kwa Ahou, mkaanga ndizi wa karibu na gereji, ambaye pepo wakimpanda huwa mganga. Aliacha karai lake kwa jirani, akajipaka udongo mweupe machoni, akainama juu ya bakuli la maji muda mrefu.

"Anacheka," alinong'ona. "Miaka sita amewaonea wivu nyinyi wawili. Sasa ana mtoto wake, na hataki akue. Akikua atatoka, akitoka atakuwa wenu."

"Mfukuze," alisema N'Goran.

"Nimfukuze vipi, na wewe ndiye uliyempa? Namuuliza bei. Anataka usiku mmoja zaidi kwa wiki."

"Mpe," alisema Amenan, kabla mumewe hajafungua kinywa.

Madamu Tanoh aliwapeleka kwa mtaalamu wa hospitali kubwa, naye akaangalia damu inayopita kwenye kitovu, akasema njia ni safi, haoni kasoro, wapime kila wiki mbili. Wakapima. Paja lilikuwa limeongezeka, milimita chache tu, bado nyuma ya wiki zake. Ahou akauliza tena bei. Usiku mwingine. Baada ya wiki mbili mtoto akasogea tena, na N'Goran naye akasogezwa.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na yeye alikonda kweli. Hakuthubutu kukataa. Kila akitaka kusema "basi" aliukumbuka ule mfupa mdogo uliogoma mwezi mzima. Akahamishia mkeka bandani, kwenye mtambo wake wa kufumia, na kutoka pale, mchana wa jua kali, akawa anasikia chumba cha nyuma mtu akiimba kwa kukoroma, sauti nzito ya mwanamume aliyeshiba, kisha Amenan akicheka kicheko ambacho yeye hakuwahi kukipata katika miaka sita ya ndoa, na harufu ya poda na mayai ya kuchemsha ikivuka uani mpaka kwenye nyuzi, ikakaa kwenye nguo zake, kwenye chakula chake, kwenye viganja vyake, hata akashindwa kujua kama yule anayemwonea wivu yuko kule chumbani au ameshaanza kuishi ndani ya ngozi yake.

"Mke wangu, unanipenda bado?" alimuuliza siku moja uani.

"Mtoto anakua," alijibu Amenan bila kumtazama. "Si ndilo ulilotaka?"

Kufikia wiki ya thelathini na nne, usiku wote saba ulikuwa umekwisha kutolewa.

Wiki ya thelathini na sita Amenan alitangulia kwenda kupima. N'Goran alioga, akavaa shati lake la kanisani, akafika amechelewa kidogo. Nje ya mlango alisikia moyo wa mwanawe ukidunda kwenye mashine, mbio mbio, wenye nguvu. Machozi yalimtoka.

"Sitini na tisa!" Madamu Tanoh alikuwa anasema ndani. "Paja, kichwa, tumbo, vyote viko sawa na wiki zake. Hongereni sana!"

N'Goran aligonga. Mlango ukafunguliwa kidogo, harufu ya poda ikamkumba usoni. Mkunga alimtazama juu mpaka chini, kama mtu asiyewahi kumwona.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Madamu, ni mimi. Baba wa mtoto."

Mkunga akageuka kutazama ndani, akatabasamu kwa mtu fulani aliyekaa karibu na kitanda, kisha akamrudia.

"Huo utani si mzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Baba wa mtoto ndiye huyu hapa, hajakosa kuja hata siku moja. Wewe kakae nje na wengine."

Akafunga mlango.