Mruko wa Mguu Mzima

"Ruka."

"Usinifokee basi."

"Sijakufokea, Samaki. Nimesema ruka. Anza na mguu mzima. Mruko mmoja, utue, ukae palepale mpaka nihesabu tatu."

Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali, nyuma ya mstari wa plasta uliobandikwa sakafuni. Mbele yangu tepu ya kupimia imelazwa chini. Aliyepiga magoti kando yake, kalamu sikioni, ni mchumba wangu. Yeye ni mtaalamu wa viungo. Mimi namwita Fundi, kwa sababu kazi yake ni kukarabati magoti ya watu, na mara nyingi hunilisha maneno makali kama fundi aliyecheleweshewa vifaa.

Miezi tisa kabla ya siku hiyo nilianguka kutoka kwenye ubao nikiwa juu ya wimbi, goti la kushoto likazunguka, kano ya ndani ikakatika. Nikapasuliwa, nikawekewa kano mpya. Kazi yangu ni kufundisha watu kuteleza kwenye mawimbi, ndiyo maana Fundi ananiita Samaki, kwa hiyo miezi tisa bila goti ni miezi tisa bila mimi.

Kanuni ya kurudi majini ni rahisi. Unaruka kwa mguu mzima, unapimwa. Unaruka kwa mguu mgonjwa, unapimwa. Mgonjwa ukifika asilimia tisini ya mzima, unasainiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo kwa mikono yangu mwenyewe. Wiki moja nyuma, kwenye benchi la kusubiri, mcheza mpira mmoja mwenye goti kama langu aliniinamia akaninong'oneza:

"Dada, unahangaika na mguu mbovu wa nini? Punguza mzima."

Nikapunguza. Niliruka kwa mguu mzima kama mtu anayekwepa dimbwi, huku nimekunja uso nionekane nimejitahidi kufa na kupona.

Fundi aliitazama tepu kwa muda mrefu.

"Sentimita mia ishirini na moja," akasema.

"Ndiyo mwisho wangu huo."

"Rudia."

Nikarudia mara mbili. Mia ishirini. Mia ishirini na moja. Halafu nikaruka kwa mguu mgonjwa na nguvu zote nilizojaliwa, meno yamebana, mpaka jasho likaniingia machoni. Mia moja kumi na tano.

"Asilimia tisini na tano," akasema. Akaandika. Akatia sahihi. "Umepita."

Nikamrukia shingoni. Hakucheka. Nikadhani amechoka.

Na kwa nini asichoke? Miezi tisa yote nilikuwa sisemeki. Nilikuwa nalala kutwa nimeugeukia ukuta. Yeye anatoka kazini, anakuja nyumbani na barafu kwenye mfuko, anakaa ukingoni mwa kitanda na kulikunja goti langu taratibu, huku namtukana.

"Unaniua, wewe!"

"Vumilia. Kumi za mwisho."

"Ulisema kumi tangu saa ile!"

"Nilidanganya. Kumi nyingine."

Bosi wake, mama mfupi ambaye hospitali nzima inamwita Madam, alimwonya tangu mwanzo. "Mchumba wako mpe mwenzako amtibu. Wewe jicho lako limeshapinda." Fundi akakataa. Na mimi nikakataa, tena kwa kiburi. Nikasema hakuna mkono mwingine utakaonigusa goti.

Kulikuwa na jambo jingine. Nilishawaambia wazazi wa pande zote mbili kwamba harusi itakuwa siku nitakayorudi kwenye mawimbi. Sitaki kuolewa nikiwa nachechemea, nikionewa huruma. Mama yangu alinuna. Mama yake akalia. Mimi nikashikilia hapohapo.

Kwa hiyo jioni ya kipimo, ujumbe uliingia kwenye simu:

*Hongera Samaki. Nimwambie mama apange tarehe?*

Nikajibu: *Mwambie. Kabla sijabadilisha mawazo.*

Akatuma alama ya moyo. Mara akaandika: *Samaki*. Nikasubiri. Haikuja nyingine. Nikazima simu nikalala.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ufukweni. Kaka yangu ndiye anayekodisha mbao pale, kibanda chake kina harufu ya gundi na nta. Akaniangalia mguu kabla hajaniangalia usoni.

"Umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Fundi amesaini?"

"Kaka, wewe polisi? Amesaini."

"Haya. Mawimbi madogo tu. Nikikuona unajitia wazimu nakuja kukutoa kwa nywele."

Wimbi la kwanza nililia. Jamani, nililia kweli, nimesimama juu ya ubao na machozi yananitoka. La pili nikapiga kelele kama mwehu. La tatu lilikuwa kubwa kidogo. Nikageuza ubao, uzito wote ukaingia mguu wa kushoto, nikausikia mlio ndani ya goti. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Kaka alinibeba kutoka majini.

Daktari bingwa aliyenipasua mara ya kwanza aliiweka picha ya goti kwenye kioo chenye taa.

"Kano mpya imekatika. Safari hii imeharibu na gegedu, ule mto laini wa katikati ya mifupa. Nani alikuruhusu?"

"Nilipimwa, daktari."

"Nimekuuliza nani."

Nikavuta shuka, nikalifunika goti.

"Basi nitasoma sahihi mwenyewe. Paja hili limesinyaa hivi, mtu anasema limepona? Naandika barua. Mtu wa aina hiyo asiguse mgonjwa mwingine."

Fundi wangu afukuzwe kwa ujanja wangu? Nilijiona mchawi. Nikalala siku mbili nikijitafuna roho, ya tatu nikachukua magongo yangu nikaenda hospitali bila kumwambia mtu.

Mlango wa ofisi ya Madam ulikuwa wazi. Fundi alikuwa ndani, amesimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, usije ukaanguka."

"Sikai. Nimekuja kusema kitu. Huyu hana kosa. Nilimdanganya. Mguu mzima niliruka kidogo makusudi ili huu mbovu uonekane mzuri. Kama kuna barua, iandikwe juu yangu."

Fundi akafumba macho.

"Samaki, nenda nyumbani," akasema taratibu.

"Siendi. Sitaki ubebe mzigo wangu."

Madam akafungua faili, akalisukuma mezani mpaka mbele yangu, akaweka kidole.

"Soma hapa. Kipimo cha mwezi wa sita. Mguu mzima."

Nikasoma. "Mia moja hamsini."

"Nani aliandika?"

"Ni... mwandiko wa Fundi."

"Sasa huku. Mwezi wa tisa. Mguu huohuo mzima."

"Mia ishirini na moja."

"Mguu ambao haujaumwa, unaofanya mazoezi kila siku, unapunguaje sentimita thelathini kwa miezi mitatu? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka. Huyu ana miaka kumi na moja kwenye chumba kile." Akavua miwani. "Mwanangu, wewe umekuja kuungama. Hebu mgeukie mwenzako tumsikie na yeye."

Nikamgeukia. Bado nilikuwa na matumaini kwamba atacheka, atasema hakuangalia, alisahau, alichoka.

"Fundi?"

Akalifunga lile faili.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mruko wa kwanza. Uliruka kisigino kikiwa hakijanyanyuka vizuri. Nimekufanyisha mazoezi miezi tisa, naujua mguu wako kuliko unavyoujua wewe."

"Na ukasaini."

"Nikasaini."

"Kwa nini?"

Madam akainuka, akatoka, akatufungia mlango.

"Ulisema huolewi mpaka urudi majini," Fundi akasema. "Kila siku nakuta umeugeukia ukuta. Nikawaza, nikimwambia amefeli leo, atanichukia. Ataniambia tusubiri miezi sita mingine, halafu mingine. Nikaona nakupoteza."

"Kwa hiyo ukaona bora goti."

"Nilidhani utaenda taratibu. Nilidhani litashika. Usiku ule nilikuandikia ujumbe nikuambie usiende—"

"Uliandika jina langu tu!"

"Nilifuta yaliyobaki."

Nilicheka, kile kicheko kibaya kinachotoka bila furaha.

"Nikuulize swali. Ningekuwa yule mcheza mpira, humjui wala hakujui, ameruka vilevile kwa ujanja. Ungesaini?"

Akageukia dirishani.

"Nimekuuliza."

"Hapana," akasema. "Ningemrudisha kwenye mazoezi."

"Basi yeye ungemwokoa kwa sababu humpendi. Mimi unayenipenda ukaniacha nikavunjike."

"Na wewe ulinidanganya, Samaki. Usijifanye malaika."

"Nilikudanganya, ndiyo! Mimi ni mgonjwa niliyechanganyikiwa kwa kulala. Wewe ulikuwa umeshika tepu!"

Nilitoka na magongo yangu, nikigonga kila mlango kwenye korido ile. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Ukweli ni kwamba hata leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

Fundi alisimamishwa kazi miezi sita. Mama yangu akanipigia.

"Mwanangu, mama mkwe wako ameshashona nguo. Watu tuwaambie nini?"

"Waambie goti limekataa."

"Kwani goti ndilo lililochumbiwa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Yule kijana anakupenda. Amekosea, umekosea, mmetoshana. Si mngesameheana tu yakaisha?"

"Nimeshamsamehe, mama."

"Ehe! Sasa?"

"Sasa kila akiniambia jambo zuri nitajiuliza kama ni kweli au anaogopa nisinune. Nitaishije hivyo?"

Mama akavuta pumzi ndefu, kisha akasema chakula chake kinaungua. Nilijua hakuna kilichokuwa jikoni.

Wiki moja kabla ya upasuaji wa pili, Fundi alikuja nyumbani mchana. Kaka alimfungulia, akamtazama, akaenda nje kusugua mbao ambazo zilishasuguliwa. Fundi alikuwa amekonda. Akakaa kwenye kiti cha mbali, si ukingoni mwa kitanda kama zamani.

"Unaumwa?" akauliza.

"Kidogo."

"Weka mto chini ya kisigino, siyo chini ya goti. Likizoea kukunjika, halitanyooka."

Nikahamisha mto. Nje mlio wa msasa ulikuwa unakwenda na kurudi.

"Fundi, nataka nikuulize kitu. Unijibu kama mtaalamu, siyo kama mchumba."

"Uliza."

"Nitasimama tena kwenye mawimbi?"

Nilimwona anatafuta lile neno tamu alilonipa miezi tisa, la vumilia na bado kidogo.

"Sidhani kama—"

"Sema vizuri."

"Hapana," akasema, na machozi yakamshuka palepale. "Utatembea. Utapanda ngazi. Ukifanya mazoezi sana utaogelea. Lakini ubao, hapana, Samaki. Gegedu haipo tena. Goti halitavumilia."

Nililia mpaka kifua kikaniuma. Hakunigusa, na nilimshukuru kwa hilo. Nilipomaliza nikajifuta na shuka.

"Asante," nikasema. "Hilo ni jibu la kweli la kwanza ulilonipa."

"Na sisi?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Nitasubiri. Mwaka, miwili, unavyotaka. Kuna matumaini?"

Ningeweza kumwambia tutaona. Ningeweza kumwambia aje tena Jumapili, naye angeenda zake na moyo mwepesi, na mimi ningebaki na mtu wa kuniletea barafu. Nilimpenda mno siku ile, Mungu anajua.

"Hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa kipimo alichokijua tayari. Akanyanyuka, akaniaga kwa jina langu halisi, ambalo hakuwahi kulitumia tangu tulipojuana. Nikamsikia akimuaga kaka huko nje, na kaka akimwambia, "Pole, shemeji." Kisha msasa ukaendelea.