Aliyepanda Keria ya Eliamini

Keria ililia. Nyiii, kama mtu amekaa. Eliamini akageuka: keria tupu, mpira wa kufungia mizigo unaning'inia tu. Akasema ni kutu, akakanyaga pedeli.

Msicheke, nyie mnaopanda baiskeli kwenda dukani. Huyu alitoka Holili alfajiri, na mvua ya siku ile hata samaki wangeomba mwavuli. Anafika njia panda ya Machame, baridi imeshamng'oa masharubu. Magari ya kupanda mlimani yamelala kwenye tope kama nguruwe. Na hawezi kungoja. Dada yake Eunike alimtumia ujumbe: baba anakata roho, njoo akufungue.

Kisa ni kahawa. Bei ilipoporomoka, Eliamini aling'oa mibuni ya baba yake, mzee Ndelilio, wakati mzee yuko kanisani, akapanda nyanya. Mzee akamlaani. Nyanya zikaoza, duka lake la Holili likaungua, mtoto wake wa kwanza akazaliwa hapumui. Sasa mkewe Zita ana mimba tena. Baba akifa hajasamehe, basi tena.

Na kwetu huombi msamaha mikono mitupu. Unabeba sale, lile jani refu la mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Ukimpa mtu sale hakukatalii, hata kama ulimchomea nyumba. Eliamini alilikumbuka ameshaanza mlima. Akaona masale kwenye kihamba kilichoachwa, yameota duara chini ya migomba. Duara, jamani! Mtoto wa Kimachame anajua masale ya duara yanamzunguka aliyelala kaburini. Ila baridi ilishakula akili. Akavunja moja, akajaribia maneno palepale: "Baba, nimekosa, nipokee."

Alipopanda baiskeli ndipo keria ikalia.

Kona ya pili ikanuka ugoro. Kona ya tatu ikanuka udongo mbichi, na baiskeli ikawa nzito kama imebeba kanisa na kengele yake, na akisimama inasukumwa, na akikanyaga pumzi baridi kuliko mvua inamgusa shingoni, taratibu, pumzi ya mtu aliyeridhika na safari.

"Nani?" akanong'ona.

"Aika, mwanangu," sauti ikamshukuru. "Umeniita baba. Nimekupokea. Nipeleke nyumbani."

Alitaka kulitupa lile sale. Mkono ukakataa. Akilitupa, atampelekea nini baba yake? Akakanyaga huku analia.

Eunike alikuwa mlangoni. Akamvuta kaka yake sikio: "Kaka, huyo mzee mwingine mbona hashuki?"

"Unamwona?"

"Nyamaza. Ingia."

Mzee Ndelilio, ambaye kata nzima hakubaki mkubwa wa yeye kumwamkia, aliangalia nyuma ya mwanawe akasema, "Shikamoo." Kisha: "Sale umechuma wapi, mpumbavu wewe?"

"Njiani, baba. Nitatafuta lingine."

"Mimi nina muda wa lingine? Nikilipokea hili, huyo anashukia kwangu."

"Baba, usilipokee!"

"Na mtoto wa Zita amekosa nini? Lete."

Akalishika kwa mikono miwili. "Nimekusamehe." Huko nje baiskeli ikaanguka yenyewe. Mvua haijakatika, mzee akakata.

Baadaye Zita alijifungua salama, dume linalolia mpaka Kenya wanafunga madirisha. Lakini ngojeni kwanza niwaambie ya mazishi. Ndelilio alikuwa mwembamba, kuku akipiga bawa yeye anashika ukuta. Vijana wa kwaya wakashika jeneza: haliinuki. Wakaongezwa wazee wa kanisa: haliinuki. Mchungaji akavua joho, akashika mwenyewe.

"Mmeweka nini humu?" akanong'ona.

Eliamini alipiga goti, akaingiza bega upande wa kichwani, sikio likagusa ubao. Ndani, sauti ya baba yake ikasema kwa adabu:

"Sogea kidogo, mzee wangu."