Dira la Kijani

Dira la kijani, gauni pana la Kisomali, lilikuwa na joto. Ubah alilitoa kwenye henga akalipapasa mgongoni na makwapani: joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Duka lilikuwa limefungwa tangu adhuhuri, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Ilikuwa ile saa ambayo Hargeisa nzima imelala baada ya chakula cha mchana. Ubah alikuwa akifanya kazi nusu siku, kuanzia saa hiyo mpaka isha, katika duka la Shangazi Kaltun. Kazi yake ilikuwa kuwachagulia wateja mavazi: dira lipi, shumizi ipi ichungulie chini, mtandio gani. Waendao harusini walipita mikononi mwake wakatoka wanameremeta. Yeye alirudi kwenye chumba alichopanga, akala mkate uliobaki asubuhi, akalala. Mumewe alikuwa amemwacha kwa sababu hakuzaa, na mama yake alishafariki.

Kesho yake joto lilikuwepo tena, pamoja na harufu. Si ya udi wa Shangazi Kaltun. Ilikuwa ya mawe ya moto yaliyomwagiwa maji. Kisha, nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, bangili ziligongana.

"Dada," sauti ya mwanamke ikasema, "hili limenikaa?"

Ubah alijibu kwa mazoea ya kazi, kabla hajafikiri. "Limekukaa vizuri."

"Na wewe utavaa nini?"

Akavuta pazia. Hapakuwa na mtu. Dira lilikuwa sakafuni, limejikusanya duara kama la mtu aliyelivua akaliruka.

Jioni nzima hakulikaribia lile pazia. Lakini kitandani alichokikumbuka zaidi ni lile swali, kwa kuwa kwa miaka yote aliyowavisha watu, hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku iliyofuata alifungua duka mapema kuliko kawaida.

Ndivyo walivyozoeana. "Usivae hilo, linakufifisha," Ubah alikuwa akimwambia, na pazia likacheka. Alimsimulia talaka yake, na jinsi mama yake alivyokufa akimwita dada aliyeko ng'ambo, si yeye. Akaacha hata kuwasalimia majirani.

Alasiri moja akaja bibi harusi mtarajiwa, Sagal, na mama yake. Sagal akalishika dira la kijani.

"Hilo halikufai," Ubah akasema haraka.

"We dada, mbona unaongea kama umeona nyoka? Nipishe nijaribu."

Akaingia nyuma ya pazia, kisha bangili zikalia ingawa Sagal hakuvaa hata moja, harufu ya mawe ikajaa duka hadi Shangazi Kaltun akaziba pua, na msichana akatoka polepole, macho yamegeuka meupe, kwa sauti ambayo Ubah peke yake aliijua akasema, "Mwambieni huyu alivue. Ubah alinichagulia mimi."

Shangazi Kaltun alimvuta Ubah pembeni. "Amekutaja," akanong'ona. "Unamjua?"

"Huwa tunazungumza."

"Yaa Rabbi, Ubah. Unazungumza na nini?"

Sheikh Awil akaitwa. Alisoma mpaka sauti ikamkauka.

"Sitoki," kile kitu kikasema kinywani mwa Sagal. "Nimekaribishwa."

Sheikh akamgeukia Ubah. "Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Mwambie mwenyewe, mwanangu."

"Nikiondoka," sauti ikauliza, haina hasira, "kesho utazungumza na nani?"

Ubah akamtazama Sagal. Mama yake Sagal alikuwa amepiga magoti, ameshika pindo la nguo ya Ubah. "Mwanangu, nakuomba. Sina mtoto mwingine."

"Ondoka," Ubah akasema. "Sikujui." Akalia hapo hapo, na hakuna aliyejua analilia nini.

Sagal akaanguka. Pazia likapepea, harufu ikakatika. Dira walilichoma moto nyuma ya duka.

Kwa shukrani, mama yake Sagal alimwalika harusini. Ubah akaenda, akakaa mwisho wa meza, kando yake kiti kitupu. Ukumbi wa wanawake ulifurika. Wengine walikuwa wamesimama. Sagal alimpungia mkono kwa mbali, akamezwa na jamaa zake.

Mwanamke mmoja akaja na sahani yake, akakishika kile kiti, akasita.

"Samahani dada, sikukuona," akakiambia kiti, akaenda zake.

Akaja wa pili. Naye akatabasamu, akaomba radhi, akapita.

Ubah akakitazama kiti. Hapakuwa na mtu. Mlango haukuwa mbali, na Shangazi Kaltun alikuwa meza ya tatu, amempa mgongo, anacheka na wenzake. Angeweza kwenda kumgusa bega. Alitazama meza baada ya meza, kila mtu na watu wake, mpaka macho yakachoka.

Kisha akasogeza sahani ya haluwa, ikawa katikati yake na kile kiti.

"Chukua," akasema kwa sauti ya chini.