Mashine Isiyo na Skrini

"Nguo zimekauka. Anua kabla ya saa tisa."

Simu ikakatika.

Mjomba akatazama saa yake ya Casio. Saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Akapiga mwayo. Katika idara nzima, jasusi aliyekuwa bado akitumwa kazi za hatari huku akimeza vidonge vya presha alikuwa yeye peke yake, na ndiyo maana vijana walimwita Mjomba.

Kazi hii ilimkera kuliko nyingine zote. Ng'ambo ya barabara, ndani ya ghala lenye geti la kijani, malori saba yalikuwa yakipakiwa vidonge vya presha vya bandia. Chaki tupu, ila pakiti zake ungezibusu. Saa tisa yangetoka, kila moja na njia yake. Nguo za kuanua zilikuwa orodha ya namba za malori hayo na njia zake, iliyokamilika mchana huo.

Orodha ilikuwa humo ghalani, kwenye kompyuta za ofisi. Mashine ya Mjomba pia.

Ilikuwa kompyuta kuukuu ya ThinkCentre, nene kama kamusi, imefichwa nyuma ya fotokopi. Haikuwa na skrini, kibodi wala kipanya. Aliiwekea mfumo endeshi wa Linux wenye sura nyepesi ya Xfce, kwa sababu kizee kile kisingebeba kitu kizito zaidi. Kwenye tundu la skrini alichomeka kiziba kidogo cha kuidanganya kwamba skrini ipo, nayo ikadanganyika. Mjomba alikaa chumba cha kupanga juu ya duka la viatu, na sura yote ya mashine ikamjia kwenye kompyuta yake mpakato: menyu, mafaili, kamera za ghala. Miezi mitatu sasa. Kiti kilikuwa cha mbao na mgongo ulikuwa unamuuma.

Aliyeiingiza mashine ghalani ni mfagizi, mama wa makamo, ndani ya ndoo, chini ya matambara. Hakuapishwa wala hakufundishwa. Dada yake mkubwa alikufa kwa presha akivimeza vidonge vile vya chaki kwa wakati, asubuhi na jioni. Ufunguo wa chumba cha fotokopi alikuwa nao yeye tu. Mashine ikionekana, wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye, na wenye ghala hawakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili.

Saa nane na ishirini, kamera ya getini ikamwonyesha kijana mwenye begi. Fundi wa mtandao.

Mjomba alijua kilichomleta: kuhesabu kila mashine iliyounganishwa humo ndani. Kabla ya kuvuta orodha, akaamua kuijengea yake ukuta, asiweze kuichungulia mtu. Akaandika amri. Funga milango yote.

Akabonyeza.

Picha ikaganda.

Akajaribu kuingia upya. Kimya. Mara ya tatu ndipo alipoelewa. Alikuwa amefunga milango yote kweli, na wa kwake pamoja nayo. Hakuacha hata upenyo wa kupitisha amri ya kufungua. Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kosa alilowahi kumfokea kijana hadi akalia.

Akampigia Mkuu wa idara, akaomba watu waingie ghalani.

"Bila orodha hatuingii," Mkuu akasema.

"Kuna mama mle ndani."

"Huyo mama ni wako, si wetu. Hata namba yake hatuna."

Akakata.

Mjomba akaigusa bastola yake, Beretta, kiunoni. Miaka sita hakuichomoa, na kwa magoti yale angefika getini amechoka. Lakini kitu kimoja kilibaki. Amri ile hakuwa ameihifadhi. Mashine ikikatiwa umeme na kurudishiwa ingejiwasha, na ukuta ungeanguka wenyewe.

Akampigia mfagizi. Akamwambia achomoe waya wa umeme wa ile mashine, ahesabu hadi kumi, aurudishe.

"Fundi yupo hapa hapa," mama akanong'ona.

"Dada, nakuomba."

Mama akaitia simu mfukoni mwa aproni bila kukata. Mjomba akasikia yote: fundi akiuliza kwa nini anachomoa vitu ovyo, na mama akimjibu bila papara.

"Mwanangu, soketi ni moja na zulia ni hili. Ulitaka nililambe?"

Mashine ya kufyonza vumbi ikanguruma. Ikanguruma kupita hesabu ya kumi. Ikazimwa.

Mjomba akajaribu kuingia kwenye kompyuta ile. Haikuitika. Akajaribu tena.

Mashine ikamwomba nywila.

Akaingia. Akalivuta faili la orodha, akalituma. Redio ya kazi mezani ikakoroma papo hapo: "Nguo zimeingia ndani. Ondoka hapo."

Hakuondoka. Kwenye kamera ya tatu fundi alikuwa amepiga magoti, anaufuata waya kwa mkono, polepole, kuelekea nyuma ya fotokopi. Mama alisimama ukutani ameshika ndoo.

Kuizima mashine sasa kungekuwa kumkabidhi mama mikononi mwao. Mjomba akaandika haraka. Akaibadilisha jina ikawa FOLENI-YA-FOTOKOPI. Akafunga kamera, akawasha huduma ya kuchapisha, akatuma kurasa tano za majaribio. Hakuona tena. Alisikia tu, kupitia simu, fotokopi ikitema karatasi.

"Kumbe ni ya kuchapishia," fundi akasema. "Nani aliiweka?"

Mama akamwambia aliikuta tangu anaajiriwa, na aangalie mwenyewe lile vumbi. Lilikuwapo vumbi kweli. Kwa miezi mitatu alifuta kila kitu chumbani mle isipokuwa kile.

Fundi akapiga chafya, akaondoka.

Saa tisa malori yakatoka. Kufikia tisa na nusu yote saba yalikuwa yamezuiwa, na ghala limezingirwa. Hakuna risasi iliyolia.

Wafanyakazi walipohojiwa na kuachiwa, Mjomba alimsubiri mama mbele ya duka la viatu. Angeweza kumpongeza tu yakaisha.

"Dada, ile ya kuchomoa waya haikuwa mpango," akasema. "Nilikosea mimi. Nilijifungia nje."

Mama akavua aproni, akaikunja.

"Ungenyamaza nisingejua."

"Usingejua."

"Basi namba yangu ifute."

Akaifuta mbele ya macho yake. Mama akavuka barabara bila kuaga, na Mjomba akaona aibu, lakini pia akaona mzigo umemtoka.

Simu ikaita. Mkuu.

"Kazi safi, Mjomba. Yule mama tunamhitaji bandarini Jumatatu. Nitumie namba yake."

"Sina."

"Huna vipi?"

"Sina namba yake, Mkuu."

Akazima simu, akaitia mfukoni, akashika njia kwa mwendo wa mtu anayeyaonea huruma magoti yake.