Tangi Lililolala Juu ya Zulia

Asubuhi nyumbani kwa Nahodha haikuwa na mambo mengi. Chai, salamu, halafu kila mtu mbio. Nahodha alikuwa na boti ya injini, kuukuu kuliko ndoa yake. Yeye na mkewe walivusha watu kwenda ng'ambo: walimu, wagonjwa wa zahanati, wauza mayai. Mume alishika usukani. Mke aliwakalisha abiria sawasawa, boti isilalie upande. Mimi nilikuwa mpangaji wao, chumba cha nyuma, na nilivuka nao mara nyingi.

Mwezi mmoja mke alianza kuumwa kichwa kila safari.

"Boti inanuka petroli," alisema.

"Ulitaka inuke marashi?" mumewe akajibu.

Abiria walicheka. Mke naye alicheka, lakini kichwa hakikuacha kuuma.

Jumamosi Nahodha alifungua ubao chini ya kiti cha nyuma, mahali tangi lilipokaa. Aliona unyevu pembeni mwa tangi, karibu na kitako. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua mpaka pakakauka. Wengi wetu tumewahi kuziba tangi la pikipiki kwa sabuni tukafika nyumbani. Basi tukadhani ni dawa.

"Jumatatu mchomeleaji atakuja na mashine," alimwambia mkewe. "Atapiga kiraka humo humo. Petroli nimeshaitoa, tangi ni tupu."

Mke hakubishana. Alikwenda kumwita jirani. Jirani huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya boti. Watu walimwita Fundi Pua, kwa sababu kabla ya kushika spana alinusa kwanza.

Fundi Pua alisimama mbali kidogo na boti.

"Shemeji, kazime hiyo sigara."

"Tangi ni tupu, dada."

"Ndilo ninaloogopa. Petroli inawaka, lakini mvuke wake unalipuka. Tangi tupu limejaa mvuke, na wewe unamwita mtu aje na cheche. Jumatatu tungewaokota kwa kijiko."

Nahodha aliitoa sigara mdomoni, akaitazama kama nyoka, akaenda kuizima mbali.

Fundi Pua aliinua mbao zote za sakafu. "Mvuke huu ni mzito," alieleza. "Unashuka na kulala tumboni mwa boti. Huuoni. Tuache hewa ipite mpaka kesho, ndipo tuguse waya za betri."

Kesho yake walitenganisha betri, wakafungua mipira ya kupitishia mafuta, wakalitoa tangi. Chini yake palikuwa na kipande cha zulia, kimelowa chapachapa.

Mke alishika shavu. "Hilo niliweka mimi. Miaka minane sasa. Tangi lilikuwa linagongagonga, nikalitandikia."

"Ulilionea huruma," alisema Fundi Pua. "Lakini zulia hunyonya maji ya chumvi na halikauki, na chuma huliwa na kutu. Hata wewe ukilalia maji miaka minane, mgongo utaoza."

Alilipindua tangi. Kitako chake kilikuwa na vitundu kama chujio la chai. Sabuni ilikuwa imeziba kimoja tu.

Mke alilivuta lile zulia akalitoa nje. Mumewe alimsogelea. "Na mimi niliyekushukuru kelele zilipokwisha? Tumekosea wote. Na ni pua yako iliyotuokoa, mimi nikikutania."

Jumatatu mchomeleaji alifika. Aliposikia habari alikaa juu ya mashine yake. Kisha aliinuka, akaushika mkono wa Fundi Pua kwa mikono yake miwili. Hakuchomelea kitu siku hiyo.

Tangi jipya lilikuwa la plastiki nene, lililotengenezwa kwa ajili ya petroli ya boti. Fundi Pua hakulilaza sakafuni. Alilikalisha juu ya vipande vya mpira mgumu, maji yapate njia na hewa ikaushe chini. Akalifunga kwa mikanda lisicheze. Mipira ya zamani ilikuwa na nyufa, akaitupa, akaweka mipya. Bomba la kupumulia la tangi alilitoa nje ya boti, ili mvuke usibaki ndani.

Kabla ya kutia petroli, alijaza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kiungo kimoja kilitoa mapovu.

"Mnaona? Sabuni kazi yake ni kuonyesha tundu. Kuziba si kazi yake." Akakaza. Mapovu yakakoma. "Na kila asubuhi, fungua ubao unuse kabla ya kuwasha injini. Ukisikia harufu, usiwashe. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike wakiwa hai."

Siku ya safari ya kwanza Nahodha aliinama kunusa muda mrefu, hadi muuza mayai akauliza, "Nahodha, mchuzi umeiva?"

Fundi Pua alipanda na wajukuu wake wawili. Akachagua kiti cha nyuma, juu ya tangi lenyewe, akawapakata. Baada ya hapo hakuna abiria aliyeuliza kama boti imepona.

Tulipokuwa katikati ya maji nilimuuliza mke wa Nahodha habari za kichwa.

"Kimenisahau," alisema, akimtazama jirani yake na wale watoto. "Unajua, baba, zamani nilikuwa namshukuru Mungu tukifika. Leo nimeanza kushukuru tulipong'oa nanga."